Kisiwa Alichokitaja Bujiku

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe 14 Machi 2023, saa nne na robo asubuhi, na wala hakuna aliyejua kuwa yameharibika. Ziwa lilikuwa limelala kimya. Dagaa wa usiku ule walikuwa wameshaanikwa juu ya miamba, na Bujiku Makoye alikuwa amekalia mtumbwi uliofunikwa kifudifudi, anaziba matundu ya wavu wake. Boti ya ofisi ikatia pua mchangani. Akashuka binti mmoja mwembamba, daftari kubwa kwapani, amevaa jaketi la kuokolea ambalo hakulivua hata alipofika nchi kavu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Vua hilo dude, huku hakuna maji."

Binti akacheka, hakulivua. Akasema anaitwa Nelly, ametumwa kuandika majina ya visiwa vyote vya eneo lile, maana serikali inataka kuvitangaza kwa watalii. Akanyoosha kalamu yake ziwani.

"Kile cha mbele kinaitwaje?"

"Kasato."

"Na kile chenye msitu?"

"Bulima."

"Na kale kadogo kule pembeni?"

"Ndwale."

"Haya. Na hiki tulichosimama?"

Hapo Bujiku akafunga mdomo. Hatua kumi nyuma yake, upande wa pili wa ua wa matete, mama mkwe wake alikuwa ameketi anapepeta dagaa. Mama huyo anaitwa Nyanzobe. Na kisiwa nacho kinaitwa Nyanzobe. Alizaliwa hapohapo, wazazi wake wakampa jina la mahali alipodondokea, na huo ndio ukawa mzigo wa mkwe wake. Maana kwao Bujiku, kule Samuye, mwanamume akilitaja jina la mama mkwe wake mbele za watu ni sawa na kumvulia nguo. Miaka yote ya ndoa yake jina lile halikumtoka. Kwa mkewe alisema "nakwenda kwenu." Kwa wavuvi wenzake alisema "kule nyumbani." Watu walishamzoea.

Sasa binti anasubiri, kalamu iko juu ya karatasi. Bujiku angeweza kumwambia kamuulize mwingine. Lakini mtu mzima aonekane hajui jina la kisiwa anacholala? Akatazama huku na huku, macho yakaangukia miamba.

"Mawe Meupe," akasema.

"Jina zuri," Nelly akasema huku anaandika. "Wageni watalipenda."

Nyuma ya ua, ungo ukasimama kidogo. Kisha ukaendelea.

Saa hiyohiyo, upande wa pili wa kisiwa, mwenzake Nelly alikuwa amemkuta Marselino, fundi wa injini za boti, kalala kivulini. Marselino hakuwa na mkwe pale, wala hakuwa na haya na mtu. Aliulizwa jina la kisiwa, akajibu bila kuinua kichwa: Nyanzobe. Nalo likaandikwa. Kwa hiyo ziwani viliendelea kuwa visiwa vinne kama Mungu alivyoviweka, ila kwenye faili vikawa vitano.

Ukitaka kumjua Bujiku, muulize nani alimkosea. Ana majibu tayari. Ng'ombe wa baba yake walikwisha kwa sababu chanjo ililetwa baada ya msiba. Darasa la nne aliliacha kwa sababu mwalimu alikuwa analimisha watoto shamba lake. Duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu kule Geita, lilifungwa siku tatu kabla hajaufikia mwamba wenye mali, kwa sababu kuna mkubwa alilitaka eneo. Yote hayo huyasema kwa sauti, mkono mmoja kiunoni, na watu husikiliza kwa sababu anajua kusimulia.

La mkewe halisemi hivyo. La mkewe hulisema polepole. Paskazia alishikwa na homa Novemba 2019, akiwa na mimba ya miezi saba. Boti ya zahanati ilikuwepo, imefungwa kwenye gogo, mpya, na imeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu. Haikuwa na petroli. Petroli, waliambiwa, ilikuwa imetumika kwenda kumpokea mgeni rasmi. Walimzika kisiwani, chini ya mkuyu, wakazungushia mawe saba. Tangu hapo Bujiku akisikia neno "uongozi" hutema mate pembeni.

Lakini kwamba visiwa vile ni vizuri, hata yeye hakubisha. Maji yake asubuhi unaona mpaka kokoto. Furukombe hukaa juu ya miti mikavu kama walinzi waliosahauliwa kubadilishwa zamu. Miamba ni mikubwa na laini, imelala ukingoni kama mifugo iliyokuja kunywa, na kwa mbali inang'aa kwa weupe hadi unafumba jicho. Wachimba dhahabu waliopata walikuwa wa kwanza kuja kustarehe, Jumamosi, na spika zao na nyama ya kuchoma. Wakafuata maharusi wa kupigwa picha. Wakafuata Wazungu wenye kamera ndefu kama bomba la jiko. Wote waliilalia ile miamba wakasifu weupe wake.

"Hawaambiwi tu," Marselino alikuwa akisema. "Weupe wote ule ni mavi ya ndege, ya mnandi."

"Usiwaambie," Paskazia alimjibu siku moja, enzi za uhai wake, huku anausugua mwamba wake kwa mchanga kabla ya kuanika dagaa. "Kila mtu na anachokipenda."

Januari 2025 ikaja barua. Mwenyekiti akaisoma mbele ya mkutano, mara mbili, maana mara ya kwanza watu hawakuamini. Visiwa vya Kasato, Bulima, Ndwale na Nyanzobe vinakuwa vya wageni: hakuna kulala, hakuna kuanika, hakuna kuzika. Wakazi watahamia mwalo wa Ntulya, bandari ya wavuvi iliyo nchi kavu. Ila wananchi hawakusahauliwa. Kisiwa cha Mawe Meupe kinabaki mikononi mwao, waanike dagaa wao na wazike wafu wao.

Watu wakatazamana. "Mawe Meupe ndiyo wapi?"

"Imeandikwa ninyi wenyewe ndio mliokitaja," mwenyekiti akasema.

Bujiku alisikia masikio yanapata moto. Alielewa palepale, kabla mwenyekiti hajaikunja barua. Na kwa sababu alielewa, akasimama, akapaza sauti kuliko wote.

"Wametupa kisiwa cha hewani," alisema. "Ni sawa na kumpa mtu shati la mwakani. Hawa ndio walewale. Boti bila petroli, kisiwa bila ardhi."

Watu walimpigia makofi. Marselino akamnunulia soda. Bujiku aliinywa, na haikuwa na utamu wowote. Usingizi ulipokataa kuja alijitetea mwenyewe kwa mwenyewe: kwani nani aliwaambia waandike neno la mtu mmoja? Mtu mwenye kiti na mshahara si ndiye wa kuuliza mara mbili? Na hoja hiyo, kwa kweli, si ya kutupa. Ila haikumpa usingizi.

Wakahama. Ntulya ni pazuri kwa mtu asiyetoka kisiwani. Kuna barabara, kuna mashine ya kusaga. Bujiku akapanga vyumba viwili, kimoja chake, kingine cha mama mkwe, na ukuta mnene katikati. Kufika kaburini sasa kulitaka kibali, na kibali kilitaka sababu, na kwenye fomu hapakuwa na sababu inayofanana na ya kwake. Kuanzia Januari mpaka Agosti hakuyaona yale mawe saba.

Agosti miguu ya mama mkwe ikavimba, na pumzi ikawa fupi. Eunice, binti wa Bujiku, akaja kutoka Kambarage mjini Shinyanga, anakoshona nguo, aje amwangalie bibi yake. Alasiri moja akamfuata baba yake kwenye nyavu.

"Baba, bibi anakuita."

"Ananiita mimi?"

"Amesema baba Eunice. Kama yupo mwingine, niambie nimwite."

Bujiku akaenda, akaketi nje kwenye kigoda, ubavu kwa mlango. Pazia lilikuwa limeshushwa, kama inavyotakiwa. Akamsalimu mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba Eunice. Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo huo, Eunice ndiyo kwanza anasonga ugali." Mama akavuta pumzi, akaituliza. "Sina maneno mengi, yananichosha. Nataka kulala na mwanangu, chini ya mkuyu."

"Wamekataza, mayu. Unajua wakubwa hawa, mimi nilisema tangu siku ya kwanza, watu hawa hawana—"

"Waache wakubwa kidogo wapumzike. Nakuuliza wewe. Mawe Meupe ni wapi?"

Bujiku akatazama vidole vyake vya miguu. Kuku alipita. Kwa jirani redio ilikuwa inasoma bei ya pamba.

"Siku ile nilikuwa na ungo mkononi," mama akasema nyuma ya pazia. "Nilimsikia yule binti anakuuliza. Nikasema moyoni, leo tutaona. Halafu nikasikia jibu lako."

"Mayu..."

"Nilifurahi, baba Eunice. Mwanangu alikuwa ameshakufa, miaka inakwenda, mkwe mwingine angekuwa ameshanisahau. Wewe bado unaniheshimu mpaka kwa watu wa serikali. Nikajiona mtu mkubwa. Nikaendelea kupepeta. Ningeweza kupaza sauti nikasema, binti, hicho kisiwa kina jina langu. Ulimi usingekatika. Nikanyamaza kwa raha zangu."

Bujiku akasema lile alilolizoea. "Walipaswa kuuliza watu wawili."

"Si waliuliza wawili? Ndiyo maana viko vitano."

Ndani, Eunice akacheka, akajizuia. Hata Bujiku mwenyewe mdomo ulimponyoka upande mmoja.

"Basi tumekosa wawili," mama akasema. "Lakini mwenye miguu ni wewe. Nenda ukawaambie." Pazia likasogea chini, mkono wenye bangili moja ya shaba ukatokeza, umemshika kuku jike mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. "Nimekufungua mdomo. Chukua, isije ikasemwa nimekufungua bure. Litaje jina langu."

"Hapa?"

"Hapa utaniua kabla ya siku. Kawatajie wao."

Alhamisi ya tarehe 21 Agosti wakubwa wakaja wenyewe. Malalamiko ya Ntulya yalikuwa yamefika juu, na jibu lilikuwa kwamba wananchi wapelekwe wakaonyeshwe kisiwa chao. Alikuja afisa anaitwa Charles, mtu mnene, mpole, mwenye leso ya kufutia shingo. Alikuja na Davis, kijana anayewatembeza wageni visiwani, na ramani iliyochorwa ofisini na mtu ambaye hakuwahi kufika. Marselino akakamata injini. Wananchi wakamteua Bujiku awawakilishe, kwa vile ndiye anayejua kuwasema wakubwa.

Ziwa lilikuwa shwari kabisa. Walizunguka Kasato, wakapita katikati ya Bulima na Ndwale, wakatokea upande wa magharibi palipo na nukta kwenye ramani. Marselino akapunguza moto. Maji tu, kila upande, ya kijani na mazito.

"Ni hapa," Charles akasema.

"Hapa ni kina cha mita thelathini, bosi," Davis akasema.

Charles akaigeuza ramani, akaitazama tena. "Labda kimezama."

"Labda kimekwenda kuposa," Marselino akasema. "Tukisubiri jioni kitarudi."

"Mimi nimehamia hapa mwezi wa tano," Charles akasema, anajifuta shingo. "Nimekikuta kwenye faili. Binti aliyekiandika amehamishwa. Nami nimekwishaandika ripoti mbili kwamba kipo."

Bujiku alikuwa mbele, amevalishwa jaketi la kuokolea kama lile la Nelly, limembana kidevu. Alikuwa hasikilizi. Mbele yao kisiwa alichoishi miaka ishirini kilikuwa kinakuja taratibu. Kwenye miamba wageni sita wamejilaza. Kuna mahema meupe mahali palipokuwa na kambi yao, na bibi harusi ameshika viatu mkononi, anapigwa picha. Ule mkuyu ulikuwa umesimama, umekuza tawi upande wa maji.

"Pale chini ya mkuyu mmefanya nini?" akauliza.

"Tumeweka benchi, mzee," Davis akajibu. "Watu wanapenda kile kivuli. Ukikaa pale unaona machweo yote."

"Kuna mawe saba."

"Yapo. Hatujayagusa. Wageni wakiniuliza nawaambia ni ya kale sana, ya watu wa zamani."

"Si ya zamani," Bujiku akasema. "Ni ya mwaka elfu mbili na kumi na tisa."

Davis akavua kofia.

"Marselino, zima injini."

Injini ikazimwa. Boti ikaendelea kuteleza yenyewe kidogo, kisha ikatulia. Bujiku aliwahi kushuka duara la mita sitini kwa kamba iliyochakaa, na hakuogopa kama siku ile. Alitazama nyuma kuelekea Ntulya, akahakikisha ni mbali.

"Kile kisiwa," akasema, "kinaitwa Nyanzobe." Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto aliyepewa kusoma mbele ya darasa. "Mawe Meupe ni kilekile. Hakuna kingine. Jina hilo nilimtungia yule binti mimi, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa anasikia."

Charles akaikunja ramani.

"Bujiku," Marselino akasema. "Yaani mkutano mzima umetuimbisha, kisiwa cha hewani, kisiwa cha hewani. Na mimi nikakununulia soda."

"Nitakurudishia."

"Nirudishie na makofi. Mikono iliniuma."

"Na bado mlikosea ninyi," Bujiku akamgeukia Charles, sauti imemrudia. "Mimi ni mtu mmoja mwenye wavu. Ninyi mna ofisi, mna gari, mna mihuri. Mtu anakuja na jaketi la kuokolea, anauliza mara moja, anaondoka, mnachora. Mngekuja mkakaa hata siku moja, mkala dagaa, mngejua. Mke wangu naye mlimwandika? Hamkumwandika. Mngemkuta pale."

Charles hakukasirika. Pengine ni kwa sababu ya joto, au ni kwamba alikuwa mtu wa aina ile. Akaliweka faili juu ya magoti, akafungua ukurasa mmoja, akafungua na mwingine, akavilaza vidole viwili, kimoja huku kimoja kule.

"Mzee wangu, tatizo si jina. Jina hufutwa kwa kalamu. Tatizo ni kwamba kuna amri mbili. Hii inasema Nyanzobe ni ya wageni, ni mwiko kuzika. Hii inasema Mawe Meupe ni ya wananchi, ruksa kuzika. Zote zimesainiwa siku moja, kwa mkono mmoja, na muhuri ni uleule. Hakuna iliyo mbele ya mwenzake." Akawatazama wote watatu, kama mtu anayetafuta aliyemzidi darasa. "Sasa kama ni kisiwa kimoja, mimi nifuate ipi?"

Marselino akasema hilo si la fundi wa injini. Davis akaitazama kofia yake. Bujiku, aliyekuwa na jibu la kila kosa la mkubwa, safari hii alijua tu kuwa neno lake la uongo ndilo peke yake kwenye lile faili lililomruhusu kuzika, na la kweli ndilo lililomkataza, na kwamba ametoka kulisema la kweli kwa kinywa chake.

Charles aliandika barua juu. Juu wakaandika pembeni, kwa ofisi nyingine. Septemba walikuja watu wawili wakapima mwamba kwa utepe, wakala dagaa, wakaondoka. Oktoba wakaambiwa suala liko mezani. Jina hakuna aliyelifuta, kwa sababu aliyepaswa kulifuta anasubiri kuambiwa alifute lipi.

Kuku mwekundu ametaga, Bujiku hakumchinja. Mama mkwe naye bado yupo. Anakunywa uji nusu kikombe asubuhi, nusu jioni, miguu imeinuliwa juu ya mto, na daktari aliyempa wiki mbili ameacha kupita. Eunice anasema bibi anaisubiri barua ndiyo maana haondoki. Kila jioni Bujiku akirudi kutoka mwaloni huketi kwenye kigoda, ubavu kwa mlango.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba Eunice. Wamejibu?"

"Bado. Unajua watu hawa."

"Nawajua." Pumzi inapanda, inashuka. "Hebu nisaidie wewe uliyeongea nao. Mimi nikifa leo ukanipeleka pale chini ya mkuyu, kwenye karatasi zao nitakuwa nimezikwa Mawe Meupe, au nitakuwa nimezikwa Nyanzobe?"